Majira ya Kwenda Kairo

Tulipoteremka Matrah mwaka 1964, jambo la kwanza baba alilomwambia shangazi, hata kabla hajavua viatu, ni kwamba hatutokaa sana.

"Tunapita tu," alisema. "Joto likipungua, mimi na binti tunakwenda Misri."

Shangazi alimtazama ndugu yake, ambaye hakuwa amemwona tangu wote wawili wakiwa watoto. Alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamwekea tende na kahawa. Mimi nilibaki mlangoni na begi letu, msichana wa miaka kumi na tisa, nimevaa buibui la Unguja ambalo watoto wa mtaani walikuwa tayari wanalicheka.

Kairo alikuwako dada yangu. Mama yetu alifariki nikiwa bado sijaweza kutembea, na dada, aliyenizidi kwa miaka mingi, ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenifundisha alifu na a-e-i-o-u, ndiye aliyenilaza kifuani homa iliponipanda. Aliolewa na kijana aliyepata nafasi ya kusomea uhandisi Kairo, wakaondoka pamoja kabla ya mambo ya Unguja kuharibika. Siku ile bandarini aliniambia nikimaliza chuo cha ualimu ataniita nikakae naye. Sikumaliza. Mapinduzi yalitukuta, baba akapoteza kazi na shamba, na meli tuliyoipata ilikuwa ya kuja Omani. Kwa nasaba baba alikuwa Mwomani, amezaliwa kwenye kijiji cha bara, nyuma ya milima. Kwa mengine yote, kwa chakula chake, usemi wake na mizaha yake, alikuwa mtu wa Unguja.

Alikuwa mkaguzi wa karafuu. Maisha yake yote aliyaishi akitazama mbingu, na nyumbani kwetu kila jambo lilipangwa kwa majira. Paa liliezekwa kabla ya masika. Harusi ya dada ilingojea mavuno. Hata jino langu bovu liling'olewa wakati wa kipupwe, kwa sababu baba alishikilia kwamba kidonda cha kinywani hakitungi usaha kukiwa na baridi. Kwa hiyo sikushangaa aliposema kwamba safari ya Kairo nayo itakwenda kwa majira yake. Nililoshangaa ni majira yenyewe.

Sikuwahi kuona joto kama lile. Milima ya Matrah iko karibu sana na nyumba, miamba mitupu isiyo hata na kijani, na ilikunywa jua mchana kutwa ikatutapikia jioni. Watu walipanda kulala juu ya mapaa na shuka walizozirowesha maji. Ulipovuma upepo wa gharbi kutoka jangwani, shuka ilikauka kabla hujapata usingizi. Mwezi wa sita nusu ya mtaa ilihama kwenda kwenye mashamba ya tende, wakafunga milango yao kwa minyororo, na kichochoro chetu kikawa kimya hivi kwamba nilikuwa nasikia mikono ya shangazi ikikanda unga kwenye chumba cha pili.

Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Alisema Kiarabu chake cha pale pale Matrah, haraka na kwa kukatakata. Mimi nilikuwa nimekhitimu Kurani nzima lakini sikujua namna ya kuomba chumvi. Ilinibidi nionyeshe kwa kidole. Watu wa Unguja walikuwapo wachache, wametawanyika, wengine Maskati ndani ya ukuta, wengine wamekwenda zao Dubai au Kuwait. Mtaani kwetu hapakuwa na hata mmoja. Lugha yangu ilikuwa na mtu mmoja tu, naye alishinda kutwa kwenye duka la jamaa yetu akipima tende na ndimu kavu, akarudi alasiri.

Basi kila alasiri, baada ya sala, tuliipanga safari.

"Tukenda mwezi wa kumi," aliniambia mwaka ule wa kwanza, "tutafika baridi i mlangoni. Wewe na kifua chako?"

"Kifua changu kizima, baba."

"Ulikuwa na pumu."

"Nilikuwa na miaka sita!"

Alitikisa kichwa. Pale Matrah alikuwapo mwalimu mmoja Msudani aliyesoma Kairo, na baba alikuwa amemwendea hadi kwake kumuuliza. Akaja na habari kwamba baridi ya Kairo si ya mvua bali ya mifupa, kwamba nyumba zao zimejengwa kwa jiwe na vigae, kwamba mwezi wa kwanza mtu hukaa ndani na koti kama yuko njiani. Safari ikasogezwa mpaka majira ya kuchipua.

Ilipokaribia hiyo, alirudi kutoka sokoni uso umekunjamana. Alikuwa amekaa na muuza vitambaa mmoja aliyepelekwa Kairo kutibiwa macho.

"Kasema kuna upepo unaitwa khamasini," alisema huku akikaa. "Unatoka jangwani na mchanga wake, mbingu inageuka rangi ya njano kama manjano ya mchuzi. Yeye alikuwa amefungwa bandeji machoni, hakuuona, lakini kasema aliula. Aliula, mwanangu! Meno yalisaga mchanga mpaka akarudi."

"Basi twende ukishapita."

"Ukishapita ni kiangazi. Kiangazi cha nini tukimbie hiki twende kukifuata kile?"

Na hivyo mwaka ukazunguka ukarudi pale pale. Dada alikuwa akiandika, njooni, njooni wakati wowote mtakaopata. Barua zake zilichukua muda mrefu, na baba alizisoma kwa sauti, lakini penye maneno "wakati wowote" aliyapita haraka, kama mtu anayeruka tope.

Sikuchoka kupanga. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watoto wangu nikiwasimulia hunionea huruma mahali pasipo. Saa ile ya alasiri ndiyo iliyonifanya niamke asubuhi. Baba alinichorea njia kwa maneno: tutapanda meli ya posta mpaka Bahrain, kutoka pale ndege, na ndege ikikaribia tutaona Mto wa Naili kama utepe. Hakuwa ameuona, lakini aliusema kama aliyeuvuka. Tulibishana tutabeba nini. Nikamwambia kama shida ni baridi, nitashona koti.

Shangazi alikuwa na blanketi nene la sufu la marehemu mumewe, rangi ya majivu. Nilimwomba kwa Kiarabu changu kibovu, na alipofahamu nalitakia nini alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa. Nilililaza sakafuni, nikalikata kwa kukisia, nikalishona kwa mkono jasho likinidondokea mapajani. Majirani wakaja kulitazama. Wanawake wa Matrah wakalishika kwa vidole viwili, wakaangaliana, mmoja akaniuliza kama huko niendako watu huoga. Nilifahamu swali lake lote. Hiyo ndiyo siku nilipojua kwamba Kiarabu kimeanza kuniingia, na badala ya kufurahi niliingiwa na hofu, kana kwamba nimekubali jambo bila kuulizwa.

Mwaka wa 1966, mwezi wa kumi ulipofika na kuanza kupita, nilimkuta baba amekaa peke yake barazani anachambua ndimu kavu alizoletewa kutoka dukani. Nikakaa mkabala naye, nikaanza kumsaidia.

"Baba," nikamwambia, "hivi kweli tutakwenda?"

Hakuinua kichwa. "Mbona wauliza hivyo?"

"Baridi umeikataa, mchanga umeukataa, joto umelikataa. Mwezi wa kumi ndio huu, mzuri, dada kasema mzuri, na mwalimu wako kasema mzuri. Nao unakwisha."

Aliendelea kuchambua kwa kitambo. Kisha akaweka ndimu chini.

"Nilikwenda afisini kwa wali, huyu mkuu wa mji," alisema. "Mwaka ule ule tuliofika. Sikukwambia."

Wakati ule hakuna aliyetoka Omani bila ruhusa, na ruhusa iliombwa mbali, Salalah, alikokaa mtawala. Hilo nililijua, kila mtu alilijua. Nilidhani ni jambo la kungoja tu.

"Wakasemaje?"

"Wakasema kutoka yawezekana. Naomba, nangoja, ntapewa inshallah. Nikauliza na kurudi? Yule karani akanitazama. Akasema, mzee, kurudi hatuna ahadi kwa mtu." Alijifuta mikono kwenye kikoi. "Unguja nimekaa umri mzima, nimezika mke, nimezaa, siku moja nikaambiwa mimi mgeni. Nimekuja hapa nilipozaliwa, sokoni wananiita Mzinjibari. Nikitoka hapa nako nikafungiwa mlango, ntakuwa mtu wa wapi, mwanangu? Niambie wewe uliyesoma."

Nikamuuliza lililokuwa karibu zaidi. "Na mimi? Mimi ungeniombea niende."

"Nimelifikiria," alisema. Sauti yake ilishuka mpaka nikalazimika kuinama. "Nimelifikiria sana. Nikakuona umeshafika huko, uko na dada yako, mnacheka. Nikafurahi. Kisha nikajiona mimi hapa alasiri. Nitasema na nani?"

Mpaka saa ile nilikuwa nikijidhani mimi peke yangu ndiye mpweke ndani ya nyumba ile.

Tukamaliza ndimu. Lakini baba alikuwa mtu ambaye neno likishamtoka halimwachi akae. Wiki zile zile alimwandikia mkwe wake. Kwa kuwa msichana hakuweza kusafiri peke yake, walikubaliana kwamba baba atanipeleka melini, rafiki wa familia anayesafiri na mkewe atanisimamia njiani, na shemeji atakuja kunipokea Bahrain. Baba akaniombea ruhusa mimi tu. Tulichagua mwezi wa kumi wa 1967, na safari hii hakusema neno juu ya kifua wala mchanga. Aliniambia tu, "Jua la wakati huo ni laini. Utapenda."

Miezi ile nilikuwa na furaha iliyonichoma. Nikimwona anavyokula, polepole, akitenga mafupa ya samaki pembezoni mwa sahani, nilijiuliza atakuwa anatenga hivyo mbele ya nani. Nikaanza kumfundisha shangazi maneno ya Kiswahili kwa siri. Maji. Kula. Pole. Aliyasema kwa kunifurahisha, akayasahau kesho yake.

Mwezi wa sita vita vikaripuka huko Misri. Tulizisikia habari kwa jirani aliyekuwa na redio, ambaye kwa kawaida aliisikiliza kwa sauti ya chini na mlango umefungwa, lakini siku ile aliufungua wazi na watu wakajaa mpaka kichochoroni. Kairo, Kairo, jina hilo lilirudiwa kila dakika na mtangazaji aliyekuwa karibu kulia. Siku chache zikapita, kisha jirani akaizima redio na watu wakarudi majumbani bila kusemezana. Baba alikuwa anakwenda posta kila siku baada ya Dhuhuri katika jua lile la kupasua kichwa. Hakuna kitu. Shangazi alimwomba Mungu kwa jina la dada, ambaye hakuwa amemtia machoni, na alipolikosea jina nilimsahihisha.

Barua ilifika kiangazi kinapokaribia kwisha. Walikuwa wazima. Dada aliandika kwamba wamepaka rangi ya buluu vioo vyote vya madirisha ili taa zisionekane nje, na kwamba mtoto wake wa kwanza amezoea hivyo, anadhani mchana wa watu wote ni wa buluu. Shemeji hawezi kupata ruhusa ya kutoka. Tungoje mambo yatulie.

Baba aliikunja barua. "Hata wao sasa," alisema, na sikumsikia tena kutaja majira.

Mwaka uliofuata alianza kukohoa. Kwanza tulisema vumbi la ndimu. Ilipofika mwezi wa kwanza, miezi ya baridi ndogo ya Matrah ambayo wenyeji huiita baridi kwa heshima tu, alikuwa anatetemeka chini ya shuka tatu. Nikalitoa lile koti kwenye sanduku nikamvisha. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Alilivaa hospitali, akalivaa aliporudi, na wanaume waliokuja kumjulia hali walimkuta ameketi kitandani ndani ya koti la kike lenye vifungo vya pembeni, anawapokea kwa adabu zote kama yuko kwenye kikao. Madaktari walifanya waliloweza. Alipata nafuu, akarudi dukani, akalala tena.

Alifariki kiangazi cha 1969, mchana, mtaa ukiwa umehama kwenda kwenye tende. Siku mbili tatu kabla yake alikuwa na akili zake timamu. Aliniambia niegemee karibu.

"Ukenda," alisema, "usifanye kama mimi. Ruhusa ikitoka tu, panda."

"Hata wakati wa khamasini?"

Alicheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Jifunge kitambaa," akasema.

Wanaume wachache waliobaki mtaani walimchukua jioni ile ile. Mimi nilibaki ndani na shangazi. Nilimpelekea dada simu ya upepo, na jibu lake lilikuwa maneno machache kwa Kiarabu, kwa sababu pale posta Kiswahili kingewapa taabu. Nililisoma mara nyingi, nikitafuta sauti yake ndani ya Kiarabu kile, nisiipate. Wanawake walikuja kunipa pole siku za msiba. Nilifahamu kila walilolisema. Niliwajibu vizuri, nikawashukuru vizuri, na nilikuwa kama niko upande wa pili wa ukuta nasikiliza mtu mwingine akizungumza.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kusema naye. Nilianza kusema Kiswahili jikoni peke yangu. Mambo ya kawaida tu: vitunguu vimekwisha, leo samaki ghali, mlango unalia utiwe mafuta. Siku moja shangazi akasimama kwenye kizingiti.

"Unasema na nani?" akaniuliza.

"Na baba."

Nilidhani atanisomea dua au ataniambia ni haramu. Aliingia, akavuta mkeka, akakaa. Alikaa mpaka nilipomaliza kupika. Tangu siku ile akawa anakuja kila alasiri na kazi yake ya kushona kofia, anakaa pale, na mimi naendelea kusema na vitunguu vyangu kwa lugha asiyoifahamu.

Katikati ya 1970 mtawala alibadilika. Sitoeleza mambo yale, yameelezwa na wanaoyajua. Kwetu sisi Matrah yalikuja kama kelele za furaha barabarani, kisha kama habari moja baada ya nyingine ambazo watu hawakuziamini mpaka walipozijaribu wenyewe. Nyingine ilikuwa hii: pasi zinatolewa, na anayetoka anaruhusiwa kurudi.

Shangazi ndiye aliyenisindikiza kwenda kuiomba. Tuliporudi, njiani kando ya bandari, alisimama kupumzika.

"Nenda," alisema. "Mimi nimezoea kuachwa. Baba yako walimpandisha chombo nikiwa mdogo, wakaniambia atarudi wakati wa tende. Kila tende zikiiva nilikwenda kusimama kwenye njia itokayo pwani. Nikaacha, nikaolewa." Alishika upindo wa shela yake. "Lakini alirudi. Kwa hiyo nenda."

Nilimwandikia dada kwamba nakuja. Nikamwambia mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimetoa lile koti nikalianika paani, nimelipunguza mikono iliyokuwa imetanuka kwa baba, pale mtoto wa jirani aliponiletea simu ya upepo kutoka kwa dada.

Usije. Tunakuja sisi.

Serikali mpya ilikuwa inawaita Waomani waliosoma warudi nyumbani, na shemeji alikuwa mhandisi. Nilisimama paani na karatasi ile. Ningepaswa kupiga vigelegele. Nilikaa chini nikatazama milima. Miaka sita nilikuwa nimeishi ndani ya mji nisiouona. Nilijua upepo wake, nilijua mwezi gani jua lake ni laini, nilikuwa nimetembea na baba kwenye barabara zake kila alasiri. Sasa niliambiwa kwamba hakuna haja.

Walifika mwisho wa mwezi wa kumi na moja, kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege nyuma ya milima. Mwanamke mnene aliyevaa kanzu ya rangi ya chai na miwani ya jua alishuka ngazi akiwa ameshika watoto wawili. Nilimwona, nikaendelea kumtafuta dada yangu nyuma yake. Ni yeye aliyekuja kunikamata.

"Umekonda," akaniambia, akilia. "Umekonda na umekuwa mrefu."

Watoto waliniita tanti, ndiyo mama mdogo kwa watoto wa Kairo. Kiswahili hawakukijua. Dada mwenyewe alikisema kwa mashaka, anatafuta neno, analikosa, anatia la Kimisri. Nikimjibu, yeye husikiliza huku akinitazama mdomo. "Unasema kama baba," aliniambia siku ya pili. Kisha akataka aonyeshwe alipokuwa akilala baba, nikamwonyesha kitanda, akakaa juu yake mpaka giza likaingia chumbani.

Wiki zile za mwanzo alilia sana, na si kwa ajili ya baba peke yake. Alilia maji ya kuteka, alilia umeme, alilia roshani yake ya ghorofa ya nne ambayo chini yake alipita muuza maharagwe kila asubuhi. Alikuwa na mashoga zake huko. Hapa alikaa ndani na watoto wake waliolalamika, na mumewe akishinda kutwa Maskati kwenye kazi mpya. Nikimtazama niliona nilivyokuwa mimi ile 1964, na bado sikujua jinsi ya kumsaidia. Nilimpikia, nikawafulia watoto nguo.

Siku moja ya Januari tulikuwa tunachambua mchele barazani. Nikamuuliza jambo nililotaka kumuuliza kwa muda wote huo.

"Khamasini huwa vipi hasa?"

"Khamasini?" Alishangaa. "Nani kakwambia khamasini?"

"Baba. Alikuwa anaiogopa. Alisema tusije wakati huo."

"Ni siku chache tu," dada akasema. "Inakuja, inapita. Mtu anafunga madirisha." Aliokota kijiwe akakitupa. Kisha nikaona mkono wake umesimama juu ya ungo. "Mlikuwa mnangoja hiyo ipite?"

"Hiyo, na baridi, na joto."

"Mngekuja wakati wowote," alisema. "Mimi nilikuwa nafunga na kufungua yale madirisha peke yangu. Mngekuja wakati wowote, wallahi."

Nikamweleza. Nilimweleza juu ya karani wa afisi ya wali, na lile swali la mtu wa wapi, na nitasema na nani. Nilieleza kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho, bila kukipunguza, na yeye hakunikatiza kuuliza neno hata moja. Nilipomaliza alikuwa ameinamia mchele. Hakusema baba alikosea, wala hakusema alikuwa na haki. Aliniuliza tu, "Alikuwa anasema nini juu yangu?" na nikamwambia kwamba alikuwa akisema tutaona Naili kama utepe, na wewe utakuwa umesimama chini unapunga mkono.

"Kutoka uwanjani Naili huioni," alisema, na tukacheka sote wawili, kicheko kibaya cha watu wenye makamasi.

Sikwenda Kairo. Mwaka ule shule ya wasichana ilikuwa inatafuta walimu, nikachukuliwa pamoja na chuo changu nusu, kisha nikaolewa, nikazaa. Wanangu wametaka kunipeleka mara nyingi. Siku hizi naishi Ghubra, ndege napanda kama wengine, nimekwenda Makka, nimerudi Unguja mara mbili. Kairo nawaambia wende wao.

Siku ile ya mchele, shangazi alitukuta barazani tukifuta macho kwa mitandio. Alitandika mkeka na kuleta sinia la wali na papa, akatuita. Dada, kwa kutaka kumpendeza, alimwambia kwa Kiarabu cha Misri kwamba chakula kinanukia vizuri na kwamba huko alikotoka papa hawa hawapatikani. Shangazi alinigeukia.

"Anasema nini?"

Nikamtafsiria, Kiarabu kwa Kiarabu. Shangazi akajibu kwa kukatakata kwake, dada akakunja uso, akanigeukia na yeye. Nikamtafsiria. Tulikula hivyo mpaka sinia likaisha, wao wawili wakizungumza na mimi katikati, mkono wangu wa kulia ukipoa kwa kusahau kula.